Kwenda Mafia kwa njia ya Nyamisati: siku sita za matope, potwe na popo

Nina wiki mbili tangu nirudi Morogoro na daftari langu bado linanuka chumvi. Kurasa za siku ya tatu zililowa, wino ukatapakaa, kwa hiyo hapo nimejisaidia na picha za simu pamoja na zile nilizotumiwa na wenzangu wa safari. Naandika kwa sababu kila niliyemwambia nakwenda Mafia aliniuliza hela ya ndege nimeipata wapi. Sikupanda ndege. Nilikwenda kwa njia wanayopita wenyewe Wamafia, na ninatamani walimu wenzangu na watu wa kipato cha kawaida wajue kwamba njia hiyo ipo.

Alhamisi, 14 Desemba: Morogoro, Mbagala, Nyamisati

Basi la saa kumi na moja alfajiri lilinifikisha Mbezi kwenye saa tatu, nikaunganisha daladala hadi Mbagala Rangi Tatu. Hapo ndipo safari ya Mafia inapoanza hasa. Utalitambua basi la Nyamisati, kijiji cha pwani kinakoondokea kivuko cha kwenda kisiwa cha Mafia, kwa mizigo yake: magodoro, madumu ya mafuta ya kula, mabati, na maboksi yaliyotobolewa matundu ambayo ndani yake vifaranga wanalia. Nililipa Sh 10,000. Tuliondoka saa sita, basi lilipojaa.

Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana: mikorosho, miembe, mananasi yaliyopangwa kando ya barabara. Nililala.

Bungu tukaiacha lami, na usingizi ukaisha. Kutoka pale hadi Nyamisati ni kilomita 41 hivi, na mvua za Desemba zilikuwa zimenyesha vilivyo. Baada ya saa nzima ya kuyumba, gurudumu la nyuma lilizama mpaka ekseli. Tukashuka wote. Wanaume wakavua viatu wakaanza kuchimba kwa jembe la abiria mmoja, lakini kila dereva alipokanyaga mafuta, tope liliruka na basi likazidi kukaa. Kijana mmoja akatokea shambani na panga. Hakuuliza kitu. Alikokota makuti makavu yaliyoanguka chini ya minazi, akayakata vipandevipande, akayashindilia chini ya matairi, kisha akamwambia dereva, "Sasa taratibu, usimshtue." Basi likatoka. Konda alipompa elfu mbili alikataa, akasema kesho na yeye atakuwa abiria.

Tulifika Nyamisati saa moja usiku. Vyumba vya kulala wageni vilikuwa vimejaa, kwani watu wengi walikuwa wanarudi kisiwani kwa likizo. Nikawa nimesimama na begi karibu na bibi mmoja aliyekuwa anachoma chapati kwa taa ya sola.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekosa chumba?"

Alinitandikia mkeka barazani kwake, akafunga chandarua kwenye boriti, na hakutaka malipo zaidi ya bei ya chapati mbili na maharage, Sh 1,500. Wakati ananifungia chandarua aliniuliza nafuata nini Mafia. Nikamwambia nakwenda kumwona potwe, yule papa mkubwa. Alicheka kidogo, akasema amezaliwa pwani hii, amezikia wazazi pwani hii, na potwe anamsikia tu kwa wavuvi. "Ukimwona, urudi uniambie yukoje."

Kwa atakayefuata: kivuko hufuata maji, hakifuati saa ya ukutani. Maji yakipwa mlango wa Nyamisati unakuwa na kina kidogo, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika siku hadi siku. Ulizia mapema, fika siku moja kabla, beba kitambulisho kwa sababu majina ya abiria huandikwa, na njoo na chandarua chako. Mbu wa hapo si wa kusimulia.

Ijumaa, 15 Desemba: kutoka deltani hadi Kilindoni

Mwezi ulikuwa umeandama juzi tu, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua. Tuling'oa nanga saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye majani ya mikoko. Nauli haikufika Sh 20,000.

Kulipokucha tulikuwa bado tunapita katikati ya msitu. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote uliopo mahali pamoja Afrika Mashariki, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba "mikoko" ni jina la ukoo tu. Nilikaa na fundi wa madau anayerudi kwao kisiwa cha Jibondo, akawa ananionyesha kwa kidole: ule wenye mizizi kama miguu ya buibui ndio mkoko wenyewe, ule uliosimama mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi, ni mlilana, huu mchu, ule kule msinzi, na mkomafi ni ule wenye tunda kubwa la mviringo. Kila mti una kazi yake katika chombo. Mkoko hutoa boriti, na kwa karne nyingi boriti za huku zilipakiwa majahazini kwenda kuezekea nyumba za Arabuni na Ghuba. Fundi alisema ukikuta chumba cha zamani kule, upana wake ni urefu wa boriti ya Rufiji.

Katika vijito hivihivi ndipo ilipojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, mwaka 1914. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakaifanya kituo cha meli na ndege zao, na Julai mwaka huohuo manowari ile ikaishia humu deltani. Nilikuwa nimewafundisha watoto habari hiyo miaka mingi bila kujua kwamba mto unaosemwa ni mwembamba kiasi hiki.

Tulipotoka nje ya mlango, kaskazi ilitupokea na tumbo langu likakataa. Dada mmoja aliyekuwa amempakata mtoto alitoa ndimu mfukoni, akaikata kwa meno, akaniwekea puani. Nilishika ndimu ile mpaka Kilindoni, kwenye saa nne.

Kilindoni jina lake linajieleza, penye kilindi. Wajerumani walikuwa wameweka makao yao kisiwa cha Chole, ng'ambo ya pili, wakahamia huku mwaka 1913 kwa sababu meli kubwa ziliweza kusogea. Leo ndio mji wa wilaya: soko, misikiti, maduka ya jumla, harufu ya dagaa wanaokaushwa. Nilipata chumba chenye feni kwa Sh 25,000. Baada ya sala ya Ijumaa mji ulitulia, nikala wali wa nazi na pweza kwa mamalishe wa karibu na soko, Sh 4,000, pweza laini kama ini. Jioni nilikwenda ufukweni kutafuta nahodha.

Chukua fedha taslimu ukiwa Kilindoni. Mbele ya hapo hakuna benki.

Jumamosi, 16 Desemba: potwe

Tulikuwa watano: mimi, mume na mke kutoka Temeke na binti yao wa miaka 12, na kijana wa Kibiti mwenye kamera ya majini. Kila mtu mzima alitoa Sh 50,000, chombo na miwani na mrija ndani yake. Nilidai jaketi okozi kwa sababu sijui kuogelea vizuri, na nahodha akalikaza mwenyewe mikanda.

Tulitoka saa moja asubuhi. Kwa nusu saa hatukuona kitu. Bahari ya upande huu haina ule uangavu wa picha za Chole. Ina ukijani mzito, na uzito huo ndio sababu ya potwe kuwepo. Ni papa, na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini anachokula hapa zaidi ni uduvi, wale kamba wadogo mno ambao ukiwakausha wanakaa elfu kwenye kiganja. Kati ya Oktoba na Machi uduvi hujaa mbele ya Kilindoni, na potwe husogea karibu kabisa na ufukwe. Watafiti waliowafungia vifaa vya kufuatilia wamegundua kwamba wengi wao hawahami hata miezi mingine. Wanakwenda tu nje kidogo, maji ya kina, ambako jicho la mtu haliwafikii.

Binti ndiye aliyemwona kwanza. Pezi, halafu kivuli kirefu kuliko chombo chetu. Nahodha alizima mashine papo hapo na kutukumbusha: usimguse, usimkate njia kwa mbele, kaa mita tatu au zaidi, na mkia uuogope. Nikajiachia majini huku nimeshika kamba.

Niliyoyaandika jioni ile ndiyo yaliyolowa, lakini sikuhitaji daftari. Alikuja na mdomo wazi, mpana kama mlango wa duka, na ndani ya mdomo kulikuwa kweupe. Macho yake ni madogo mno kwa mwili ule. Chini ya tumbo alifuatwa na samaki wadogo wamebandikana naye, na ubavuni alikuwa na kovu la pangaboi la mashine ya boti, mistari mitatu sambamba iliyopona. Alipita. Mwili uliendelea kupita muda mrefu baada ya kichwa kwenda, na mkia ulipofika nilihisi maji yakinisukuma kifuani. Nahodha alisema alikuwa mdogo bado, labda mita sita. Wengi wa Mafia ni madume wasiokomaa. Madoa ya ubavuni hayafanani kati ya mmoja na mwingine, na kwa madoa hayo watafiti humtambua kila mmoja kama sisi tunavyotambuana kwa nyuso.

Tulipokuwa tunarudi tulikuta mashua imetupa ringineti, wavu wa kuzungushia samaki. Wavuvi kama kumi na watano walikuwa wanavuta kwa sauti moja, duara la maboya likipungua, dagaa wakirukaruka kama mvua inayonyesha kwenda juu. Ndani ya duara mlikuwa na potwe. Alikuwa amewafuata dagaa walewale, sasa anazunguka polepole, pua ikigusa wavu, anageuka, anagusa tena.

Mzee aliyekaa tezi alipaza sauti, wavutaji wakaacha. Vijana wawili wakaruka. Mmoja alishika kamba ya maboya kwa mikono, mwingine akaikanyaga, wakaizamisha kwa uzito wa miili yao mpaka wote wawili wakawa na maji midomoni. Potwe alizunguka mara moja zaidi na kulipita pengo. Mara ya pili kichwa kilikaa juu ya kamba, akasita, kisha akateleza kuwavuka wale vijana taratibu, kama ngalawa inayoshushwa majini. Dagaa wengi walitoka naye. Wale waliobaki hawakujaza hata matenga mawili.

Nilimwuliza yule mzee, tuliposogea, kama hawapati hasara.

"Tunapata, mwalimu. Lakini akikasirika anapasua wavu wote, na kushona wavu ni kazi ya siku nyingi. Tena yeye ndiye aliyetuonyesha dagaa walipo."

Nimelifikiria tukio lile kila siku tangu nirudi. Nilikuwa nimekuja nikidhani potwe analindwa na hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995 na ina kilomita za mraba 822, lakini iko kusini na mashariki ya kisiwa. Maji ya Kilindoni yako nje ya mpaka. Samaki anayewaleta wageni wengi Mafia anakula, analala na kunaswa mahali ambapo kinachomwokoa ni mguu wa kijana uliokanyaga kamba. Wale vijana wanastahili kujulikana, na wanastahili sehemu ya fedha tunazolipa sisi watazamaji. Ukipanga chombo, mwulize nahodha kabla ya bei: unazima mashine umbali gani? Lile kovu la mistari mitatu halikutokana na wavu.

Jumapili, 17 Desemba: Utende na Chole

Kutoka Kilindoni hadi Utende, kijiji cha kuvukia kwenda Chole, ni kilomita 15 hivi za lami, bodaboda Sh 5,000, katikati ya minazi. Langoni unalipia kiingilio cha hifadhi. Raia analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, lakini onyesha kitambulisho, na stakabadhi itunze maana utaulizwa tena.

Maji yalikuwa yamepwa mchana, madau yamelala ubavu. Nilingoja chini ya mti wa mkungu hadi saa tisa yalipoanza kujaa, nikavuka kwa dau la abiria, Sh 1,000. Ghuba ya Chole ni kitu kingine kabisa: unaona matumbawe chini kama unaangalia chini ya meza ya kioo.

Chole haina gari. Njia zake zimefagiliwa, na kwenye magofu ya majengo ya zamani mizizi ya mitini imeshika kuta kama vidole vinavyozuia kitu kisianguke. Nilipokewa katika nyumba ya mama mmoja mjane anayelaza wageni, Sh 30,000 pamoja na chakula cha jioni na uji wa asubuhi. Alinipikia changu wa kupaka na mkate wa kumimina, akakaa nami nikila, kwa sababu, alisema, mtu hali peke yake.

Kabla ya magharibi alinipeleka kwenye mti wa popo. Wananing'inia mamia, wakubwa kama kuku, nyuso za mbweha, manyoya ya shingoni mekundu ya kutu, wanagombana na kujipepea kwa mabawa. Ndugu zao wako Komoro, na hapa Chole ndipo wanapolala kwa wingi. Jua lilipogusa minazi waliachia mmojammoja, kisha makundi, wakielekea kisiwa kikubwa kutafuta maembe na matunda mengine. Wengine waliinama juu ya ghuba wakagusa maji kwa kifua, wakapaa tena. Mama mwenyeji alisema wanalowesha manyoya ili wayalambe baadaye, wapate chumvi. Nilimwuliza kama maembe hayaishi. "Wanakula," alisema, "lakini mbegu wanazipeleka mbali kuliko sisi."

Jumatatu, 18 Desemba: Kua

Kwenda magofu ya Kua, kisiwa cha Juani, lazima uingie na maji. Tulitweka tanga saa moja na nusu asubuhi, mimi na nahodha na mwanawe, Sh 40,000 kwa dau zima. Njia ni kijito kati ya mikoko, na tulikubaliana kukaa saa moja tu, turudi kabla maji hayajatoka.

Sikuweza saa moja. Kua ulikuwa mji mzima: misikiti, makaburi, nyumba ya wakubwa yenye ghorofa, vyote vya mawe ya matumbawe na chokaa, na mibuyu imeota vyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska walikuja kwa mitumbwi, wakauvamia, wakachukua watu. Mji haukukaliwa tena.

Mzee wa Juani aliyetuongoza alinisimulia kisa kilichotangulia maangamizi hayo. Watu wa Kua waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, kwenye kulishusha, na pale wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza chini badala ya magogo, jahazi likapita juu yao. Wa Kisimani hawakusema kitu. Walingoja miaka. Kisha wakawaalika wa Kua harusini, wakawakaribisha katika chumba kizuri kilichochimbwa ardhini, na karamu ilipokolea mwenyeji mmoja mzee akabaki ndani nao huku mlango ukijengwa kwa mawe kutoka nje. Mzee alisimulia kwa sauti ya chini, akipapasa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayetaja deni la ukoo wake. Kwenye pembe ya msikiti nilikuta kijiwe chenye majivu ya ubani, mapya.

Vigae vya vyombo vya kale vimetapakaa mavumbini, vya kijani na vya samawati. Tafadhali usiokote hata kimoja.

Tuliporudi kijitoni maji yalikuwa yametoka na dau limekaa kwenye tope. Tulingoja mpaka saa kumi jioni. Mke wa yule mzee alituletea muhogo wa nazi na madafu matatu, na nilipofungua pochi alinifunga mkono kwa mkono wake. Msimu wa vitoto vya kasa, ambao hutotolewa ufukwe wa mashariki wa kisiwa hikihiki, ulikuwa umepita. Kwa hilo njoo kati ya Juni na Septemba.

Tuliwahi Utende jua linazama, na bodaboda akanifikisha Kilindoni gizani.

Jumanne, 19 Desemba: kurudi

Kivuko kiliondoka saa kumi alfajiri. Safari hii nilikuwa na ndimu yangu mwenyewe. Safari nzima, kuanzia mlangoni kwangu hadi kurudi, imekula kama Sh 330,000, potwe na Kua vikiwemo.

Nyamisati basi lilikuwa limeshawasha injini, lakini nilikimbia kwanza kwa yule bibi. Alikuwa anapepeta mchele. Nilimpa kifurushi cha pweza mkavu, kisha nikafungua simu, picha ya kijana wa Kibiti: potwe kwa ubavu, jua limempiga mgongoni, madoa meupe safu kwa safu mpaka mkiani.

Aliisogeza simu, akaitenga, akaisogeza tena.

"Kumbe kavaa kanga," alisema.

Akaweka ungo chini, akaita wajukuu kwa majina, wakaja wanne mbio, mmoja na mswaki mdomoni. Konda alikuwa anapiga honi. Bibi hakunirudishia simu mpaka wa mwisho alipoona.